Karafuu Nne Katika Chupa ya Heringi



Kila mmoja wetu aliyepata kupimiwa gunia lake amewahi kujiuliza: karafuu hii yaenda wapi? Tukiulizana barazani majibu huwa ni yale yale. Mmoja husema yaenda Bara Hindi kutiwa katika masala. Wa pili husema yaenda kwa madaktari wa meno. Wa tatu, aliyesoma kidogo, husema kuwa Waindonesia huisaga wakaivuta katika sigara zao za kretek, ingawa wao wenyewe wana mikarafuu mingi kuliko nchi yoyote duniani. Yote hayo ni kweli. Lakini sijapata kumsikia mtu akisema kwamba karafuu yaenda kulazwa ndani ya chupa ya kioo pamoja na samaki asiyepikwa, siki na sukari. Hata mimi nisingalisema, lau si kuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Nalikuwa Göteborg, mji wa bandari ulioko magharibi ya Uswidi, kumzuru binti yangu ambaye afanya kazi huko. Ilikuwa mwezi wa Juni, siku chache kabla ya sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Mkesha wa sikukuu hiyo huwa Ijumaa, baina ya tarehe 19 na 25, wakati ambapo jua lao karibu halitaki kuchwa, na mtu aweza kusoma barua nje saa nne ya usiku. Heringi kwao siku hiyo ni kama pilau kwetu siku ya Idi. Nyumba isiyokuwa na heringi mezani haina sikukuu.

Jirani ya binti yangu ni bibi mmoja mtu mzima, mcheshi, aliyestaafu kazi. Aliposikia kwamba mgeni ni mkulima wa karafuu kutoka Pemba alicheka sana, akafungua kabati, akatoa kichupa kisichozidi kidole gumba kwa urefu, akanipa. Binti yangu akanifasiria: "Baba, auliza kama hizi ni zako."

Nilizimimina kiganjani. Zilikuwa karafuu za wastani, nyingine zimevunjika vichwa, na ndani yake mlikuwa na makonyo mawili. Kichupa kiligeuzwa huku na huku, tukasoma kila kilichoandikwa, lakini jina la nchi zilikotoka halikuwamo. Huenda zilikuwa za Madagaska, huenda zilikuwa za shamba langu mwenyewe. Nilimwambia, "Mwambie sijui." Nakiri kwamba jibu hilo liliniuma kidogo. Mtu aliyeipanda, akaipalilia, akaichuma na kuianika, akutana nayo ugenini asiweze kuitambua!

Basi yule bibi akasema kuwa kesho atatengeneza heringi zake za sikukuu, nami nikipenda nije nitazame kazi ya karafuu.

Heringi ni samaki gani

Kwa wale wasiomjua, heringi ni samaki wa rangi ya fedha, mwembamba, mwenye mafuta mengi, aendaye kwa makundi makubwa katika Atlantiki ya kaskazini, Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki. Ni jamaa ya dagaa-papa na simu wetu, ila yeye ni mkubwa zaidi, na katika maji yetu ya joto haishi. Waswidi humwita sill akivuliwa pwani ya magharibi. Akivuliwa katika Baltiki, kaskazini ya mlango wa bahari wa Kalmar, ambako maji hayana chumvi nyingi na samaki hubaki mdogo, humwita strömming. Samaki ni yule yule, majina mawili, na ole wako uwachanganye mbele ya mtu wa Stockholm.

Samaki huyu amejenga miji. Katika karne ya 13 na ya 14 wafanyabiashara wa miji ya Hansa walikuwa wakikusanyika kila mwaka Skanör na Falsterbo, kusini kabisa ya nchi ambayo leo ni Uswidi, kununua heringi kwa mapipa. Chumvi ya kuwawekea ilitoka Lüneburg, ikapita Lübeck. Ulaya yote ilikuwa ikifunga kula nyama siku nyingi za mwaka kwa sababu ya dini, na samaki wa chumvi alikuwa ndiye kitoweo. Lakini heringi ana tabia ya kutokea na kutoweka. Pwani ya Bohuslän, kaskazini ya Göteborg, walijaa toka mwaka 1747 hata mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wakajenga mabanda ya kutilia chumvi na majiko ya kuchemshia mafuta ya samaki, wakahamia kwa maelfu. Kisha samaki wakaondoka, na majengo yakabaki matupu. Sisi ambao mikarafuu yetu huzaa mwaka huu mpaka matawi yakavunjika, na mwaka wa pili isitupe hata za kutia chai, tunaielewa hali hiyo bila ya kuelezwa.

Wakati huo wote heringi alikuwa wa chumvi tu. Sukari ilikuwa kitu cha wenye mali, maana ilitoka ng'ambo katika mashamba ya miwa. Mwaka 1747, mwaka ule ule wa heringi wa Bohuslän, bwana mmoja wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha kwamba sukari iliyomo katika kiazi cha Ulaya ni ile ile iliyomo katika muwa. Mwanafunzi wake, Achard, akaanzisha kiwanda huko Silesia mwaka 1801. Karne ya 19 ilipoendelea, sukari ya kiazi ikawa nyingi, bei ikashuka, na mtu wa kawaida wa kaskazini akaweza kuitia katika chakula chake, hata katika samaki. Kwa hivyo heringi mtamu, ambaye Waswidi wengi hudhani ni wa tangu na tangu, ni mtoto wa juzi ukimlinganisha na yule wa chumvi.

Moja, mbili, tatu

Sasa tuingie jikoni.

Asubuhi tulikwenda sokoni. Göteborg wana soko la samaki lililojengwa kwa sura ya kanisa, nao huliita Feskekôrka, yaani kanisa la samaki. Lilifunguliwa mwaka 1874. Tulinunua minofu ya heringi wa chumvi, takriban ratili moja. Binti yangu akaniambia kwamba siku hizi vijana hununua minofu iliyokwisha kutolewa chumvi, isiyotaka kazi, au hununua chupa iliyo tayari kabisa. Yule bibi hapendi. Asema heringi wa dukani ni mtamu mno, kama peremende.

Jambo la kwanza lilikuwa kumtoa chumvi. Hapa nilijiona mwenyeji, maana ni kazi ile ile aifanyayo mke wangu kwa ng'onda na papa mkavu. Minofu iliwekwa katika bakuli la maji baridi, ikatiwa ndani ya friji, maji yakabadilishwa mara mbili, ikalala humo mpaka asubuhi ya pili. Kipimo ni ulimi: kata kipande chembamba, uonje. Yapasa kibaki na chumvi ya kutosha kujulikana, isiwe ya kukunja uso. Akitolewa chumvi yote hulegea, na utamu utakaokuja baadaye hauna wa kupigana naye.

Wakati samaki amelala, maji ya kumwekea yalichemshwa. Na hapa ndipo penye siri ambayo kila Mswidi huijua kwa moyo, nayo ni hesabu ya mtoto wa skuli: moja, mbili, tatu. Kipimo kimoja cha siki, viwili vya sukari, vitatu vya maji. Ukipima kwa bilauri ni bilauri, ukipima kwa kikombe ni kikombe. Yeye alipima kwa desilita. Ila wanachama waangalie sana neno hili siki. Siki yao, iitwayo ättika, ni kali: sehemu 12 katika mia ni asidi, na iko nyingine dukani yenye sehemu 24. Hiyo ya 24 lazima ichanganywe na maji sawa kwa sawa kabla ya kuanza kuhesabu. Siki za chupa tunazozijua sisi huwa na sehemu 5 hivi katika mia. Mwenye kufuata hesabu ya moja, mbili, tatu kwa siki yetu atapata sharubati ya samaki, wala haitamhifadhi. Kwa siki ya 5 hesabu huwa hivi: bilauri 2 na nusu za siki, 2 za sukari, na 1 na nusu ya maji. Nguvu ya asidi itakuwa karibu sawa na yao.

Maji hayo huchemshwa mpaka sukari iyeyuke, pamoja na viungo vyote, kisha huachwa yapoe. Yule bibi alilisema hili mara tatu, akinyoosha kidole: yapoe kabisa, yawe baridi kama samaki mwenyewe. Maji ya moto yatampika, naye atakuwa laini na mwenye kumung'unyika kama viazi vilivyopita kiasi.

Kisha ni kupanga. Minofu ilikatwa vipande vya upana wa vidole viwili. Chini ya chupa pana ya kioo akaweka vipande vya kitunguu chekundu, juu yake samaki, juu yake karoti zilizokatwa duara nyembamba, jani kavu la lauri, kitunguu tena, samaki tena, mpaka juu. Waswidi wana jina la heringi aliyepangwa hivyo: glasmästarsill, yaani heringi wa fundi vioo, kwa kuwa hupendeza kutazamwa kupitia kiooni. Wengine humtia pia mzizi mweupe mkali wenye kupanda puani mfano wa haradali. Ukiangalia chupa hiyo dirishani, wekundu wa kitunguu, rangi ya karoti na fedha ya samaki, utadhani ni kitu cha kuwekwa sebuleni.

Kila kitu kimo machoni. Na karafuu nayo imo machoni.

Karafuu nne, na ghera yangu

Viungo vyenyewe vilikuwa hivi: chembe kumi za kryddpeppar, ambayo nitaieleza hivi punde, majani mawili ya lauri, chembe chache za pilipili manga nyeupe, na karafuu nne. Nasema nne. Alizichagua moja moja kwa ncha za vidole kutoka katika kile kichupa. Zilizovunjika kichwa aliziacha. Makonyo mawili aliyatupa, akasema neno ambalo binti yangu alilifasiri, "Hivi ni vijiti tu."

Ndugu zangu, nilistahi. Karafuu nne kwa chupa nzima! Mimi ambaye nimelala macho nikichunga majamvi mvua isiyapate. Basi alipotaka kutengeneza chupa ya pili, kwa kunikirimu, aliniachia mimi nitie viungo. Nikaona huu ndio wakati wa kuitetea nchi. Nikamimina kiganja kizima.

Binti yangu alisema, "Baba, nyingi hizo." Nikamwambia aniache, mimi ndiye mwenye karafuu.

Heringi hukaa siku moja kwa uchache, na siku mbili au tatu ni bora. Siku ya sikukuu chupa zote mbili zilikuja mezani, pamoja na mbatata changa zilizochemshwa kwa bizari ya majani, malai chachu, na majani membamba ya kitunguu yaliyokatwakatwa. Wenyeji wana kileo wanywacho na chakula hicho. Sisi tulikunywa maji, na hapana aliyetulazimisha. Nilianza na chupa ya kwanza. Ilinichukua tonge mbili kuzoea kwamba samaki ni baridi na mtamu, lakini ya tatu niliitafuta mwenyewe. Utamu huja kwanza, kisha siki, kisha chumvi kidogo ya bahari, na mwisho kabisa, ukishameza, ndipo karafuu ipitapo nyuma ya koo, mfano wa mtu aliyebisha hodi akaondoka.

Kisha nikaionja yangu. Ilikuwa chungu. Maji yake yamegeuka kahawia kama chai iliyosahauliwa. Na tonge ya pili ulimi ulikufa ganzi, sawasawa na mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nayo si ajabu, maana dawa ile ya meno ndiyo hii: mafuta ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho eujenoli, kazi yake ni kufisha hisia ya mahali kilipogusa. Siki na moto ziliyatoa mafuta hayo yote, samaki akayanywa. Yule bibi alionja kidogo, akaniwekea chupa mbele yangu, akasema kwa upole, "Hii ni yako." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa midomo yangu sikuisikia vizuri.

Nimelisimulia hili ili wanachama wajue. Tukidhani kuwa soko litakua kwa kila mtu kutia karafuu nyingi zaidi katika chungu chake, tunajidanganya. Kiungo hiki nguvu zake ndizo zinazokifanya kitumiwe kidogo. Mama wa Uswidi hatatia nane mahali pa nne. Alilonalo la kuchagua ni jengine: atie karafuu au asitie kabisa.

Na hapa ndipo niieleze ile kryddpeppar. Ni tunda dogo kavu, la duara, kubwa kidogo kuliko pilipili manga, litokalo Jamaika na nchi za Amerika ya Kati. Nilipolitafuna niliruka: ni harufu ya karafuu! Nikasoma baadaye nikakuta mti wake ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, ukoo ambao wamo pia mpera na mzambarau, na mafuta yake yana eujenoli ile ile. Katika vyakula vya heringi vya Waswidi tunda hilo limetangulia kuliko sisi. Mapishi mengi humtaja yeye na kutuacha sisi. Sisi hushika mahali zaidi katika heringi wa viungo wa Denmark na Norwei, na katika heringi mwekundu wa Kiswidi aitwaye matjessill, ambaye hutiwa mdalasini, karafuu na msandali mwekundu. (Mabibi wasishtuke. Si msandali wa liwa, huo ni mti mwengine.)

Kwa hivyo binamu yetu yuko kabatini, karibu na sisi, na mama mwenye kupika aweza kumchukua yeye akatuacha. Atafanya hivyo siku gani? Siku atakapofungua kichupa akute vichwa vimepukutika, makonyo yamechanganyika, au karafuu nyeupe nyeupe zilizorundikwa mbichi usiku kucha zikavunda kabla ya kuanikwa. Katika masala yaliyosagwa hapana ajuaye. Katika chupa ya kioo iliyowekwa dirishani kila mtu anaona. Nilimwonyesha yule bibi namna sisi tunavyoijaribu karafuu: iangushe katika bilauri ya maji, yenye mafuta yake huzama au husimama wima, na iliyokwisha kukamuliwa huelea kwa ubavu. Tulizijaribu zake. Karibu theluthi zilielea. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza ni wapi aweza kununua zile zinazosimama, na hilo nalo sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa kichupa kingine cha dukani nacho hakikuandikwa nchi.

Mdudu na joto

Kabla ya mtu kukimbilia jikoni, yako mambo mawili asiyoweza kuyaruka.

La kwanza ni mdudu. Heringi na samaki wengine wa bahari huweza kuwa na minyoo midogo, jina lake Anisakis, ambayo ikiingia hai tumboni mwa mtu humtia maumivu makali. Ilijulikana Uholanzi, ambako watu hula heringi wa chumvi kidogo bila kumpika. Wataalamu waliieleza mwaka 1960, na mwaka 1968 serikali ya huko ikaweka sheria kwamba heringi wote wa kuliwa hivyo wagandishwe kwanza kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa muda usiopungua saa 24. Siki haiwaui minyoo hao upesi. Wengine wamo humo kwa wiki kadhaa, wazima. Friji ya kawaida ya nyumbani chumba chake cha barafu mara nyingi hakifiki baridi hiyo, na umeme wetu twaujua. Basi samaki mbichi ndani ya siki, kwa nyumba zetu, nasema wazi: tusifanye.

La pili ni joto. Samaki wa mafuta, kama vibua, jodari na hao dagaa-papa, wakikaa juani baada ya kuvuliwa hufanya sumu inayomwasha mtu mwili mzima, kumwekea wekundu usoni na kumpiga moyo. Sumu hiyo ikishakuwamo, wala kukaanga wala siki haviitoi. Kwa hivyo samaki ni yule aliyetoka chomboni asubuhi akatiwa barafu, na siyo mwingine.

Kwa samaki wetu

Waswidi wenyewe wametupa njia. Strömming wao wa Baltiki mara nyingi humkaanga kwanza, kisha humlaza katika maji yale yale ya moja, mbili, tatu. Hapo moto umekwisha kummaliza mdudu, na kinachobaki ni utamu na siki. Niliporudi Pemba nilimweleza mke wangu, naye akaniangalia kwa muda kisha akasema, "Yaani achari ya samaki." Sikuwa na neno bora.

Tulifanya hivi. Dagaa-papa wakubwa ratili moja, wakakatwa vichwa, wakatolewa matumbo, wakaoshwa, wakakaushwa kwa kitambaa. Chumvi kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, kisha wakapakwa unga mwembamba wa ngano (wao hutumia wa shayiri nyeusi). Wakakaangwa mpaka wakaiva hasa, hata karibu na mwiba, wakaachwa wapoe. Maji ya siki kwa hesabu niliyoitaja juu, yaani siki 2 na nusu, sukari 2, maji 1 na nusu. Bilauri ndogo ya chai yatosha kwa ratili moja. Humo mkachemshwa kitunguu maji kilichokatwa duara, karoti moja, jani la mdalasini mahali pa lile la lauri, chembe sita za pilipili manga, na karafuu nne zenye vichwa vyake. Yalipopoa samaki wakapangwa katika chupa pana iliyooshwa kwa maji yanayochemka, na maji yakamiminwa mpaka yakawafunika wote. Samaki aliyechomoza juu ya maji huharibika yeye kwanza, kisha huwaharibu wenzake.

Chupa ikaa ndani ya friji, wala si kabatini, na huliwa baada ya siku moja. Wiki moja isipite. Umeme ukikatika mchana kutwa, tupeni. Heri hasara ya ratili moja ya dagaa kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Tuliila kwa mkate wa kumimina mara ya kwanza, na kwa muhogo wa kuchemsha mara ya pili. Muhogo ulishinda. Watoto walianza kwa kuvua vitunguu tu, kisha samaki wakaisha bila ya mtu kukiri. Chupa ya tatu mke wangu amepunguza sukari ikawa bilauri 1 na nusu, akaongeza kipande cha tangawizi, nami naona amepatia. Karafuu huzihesabu mwenyewe, akaziweka juu ya kifuniko cha sufuria, moja, mbili, tatu, nne, na jikoni hapo hataki nisogee.